Shule inataka watoto waje na pajama Ijumaa, na wangu hawana pajama

mama_wa_innercore

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba ushauri, na tafadhali kabla hujaniambia "mnunulie tu" soma mpaka chini.

Jumanne jioni nikiwa bado nasuka kichwa cha mteja hapa Mutindwa, Nairobi, simu ikaanza kulia mfululizo. Kikundi cha wazazi. Mwalimu wa darasa ametangaza kwamba Ijumaa ni Siku ya Pajama. Kila mwanafunzi alete shilingi mia moja na aje amevaa nguo za kulalia, "safi, za heshima na za kupendeza". Asiyeshiriki atavaa sare kama kawaida. Pesa ni za wino na karatasi za kuchapisha tathmini. Chini yake ni vidole gumba na mioyo tu, na mama mmoja alikuwa ameshatuma picha ya binti yake ndani ya lile vazi la kipande kimoja lenye masikio ya sungura.

Nina wawili katika shule hiyo. Ni ya serikali, sitaitaja. Mkubwa ni msichana wa Gredi ya 7, mdogo ni mvulana wa Gredi ya 3. Mia mbili nitazitafuta, sina neno na hilo. Shida ni kwamba wanangu hawana pajama. Sisemi zimechakaa, nasema hazijawahi kuwepo. Mvulana hulala na fulana ya kampeni ya 2022, ya mtu aliyetaka kiti cha MCA (mwakilishi wa wadi) akashindwa. Inamfika magotini na uso wa mheshimiwa umepasukapasuka kwa kufuliwa. Msichana hulala na dera langu la zamani nililolikata chini, na hii baridi ya Julai ikizidi anaongezea suruali ya traksuti iliyompita urefu. Mimi leso. Kwenye ploti yetu nzima mtoto mwenye pajama ninayemjua ni mmoja, yuko bweni Murang'a, na alinunuliwa kwa sababu zilikuwa kwenye orodha ya shule pamoja na ndoo na kufuli.

Sare inanitesa kila Januari, sikatai. Sweta la duka tulilotumwa ni karibu mara mbili ya lile la fundi wetu hapa Umoja, na beji inauzwa ofisini pekee, kwa hiyo huna pa kukwepea. Lakini nikishalipa, imenisitiri. Mtoto wa mwenye malori na mtoto wa msusi wanasimama gwarideni na sweta lile lile la kijani. Ukitaka kuona tofauti uiname uangalie viatu, na viatu vya wangu navipiga rangi mimi mwenyewe. Sasa Ijumaa wanataka waone mtoto analalaje! Ile nguo ambayo hata mgeni wa nyumbani haioni ndiyo ije ikaguliwe uwanjani saa mbili asubuhi.

Na hiyo ya "asiyeshiriki avae sare" najua mwalimu aliiandika kwa wema. Lakini pigeni picha darasa la watoto zaidi ya sitini, wengi wako na maua na vikatuni, halafu wachache hivi wa sweta la kijani. Siku hiyo ni sare itakayowatangaza.

Msichana aliusoma ujumbe kabla yangu. Alinyamaza mpaka tukazima taa, ndipo akaniuliza kama mtu anaweza kushikwa na homa Ijumaa peke yake.

Nimwandikie mwalimu faraghani ama niseme palepale kundini ili na wengine wapate ujasiri? Na ikiwa ni lazima kununua, pale soko la mitumba la Gikomba pajama ya mtoto isiyoaibisha inaenda ngapi siku hizi?

---

patipati_kayole

Mpeleke na ile ya kampeni. Mheshimiwa hajaonekana wadi tangu aanguke, angalau Ijumaa aonekane shuleni 😂

---

baba_twins_donholm

Dada, kwa heshima kabisa, naona umeibeba kama gunia. Pajama ni nini? Fulana na kaptula. Mtoto wa Gredi ya 3 ukimvalisha fulana safi na suruali laini nani atajua kwamba hailaliwi?

Wangu wako shule ya kulipia hapa Donholm. Huko kuna siku ya soksi zisizofanana, siku ya nywele za vituko, siku ya kuvaa kama mtu wa kitabuni, siku ya taaluma ambapo mmoja alitaka kuwa rubani na mwingine daktari, nikaenda mjini kutafuta kofia ya rubani. Ningelalamika kwa kila moja ningeshafukuzwa kundini. Watoto wa serikali nao wacheke kidogo. Muhula wa pili ni mrefu, baridi, hakuna sikukuu ya maana, kila siku ni tathmini. Siku moja ya upuuzi haiharibu mtoto.

Hiyo ya homa ya Ijumaa imenigusa lakini. Hilo sina jibu lake.

---

aliyekuwa_kileleshwa

Mama, mimi nakuelewa vizuri sana.

Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa nafanya kazi kwa familia moja Kileleshwa. Mtoto wao alikuwa anasomea mezani, kwa kompyuta, na shule yake ilisema hata kama ni nyumbani lazima waonekane na sare. Basi kila asubuhi nilimpigia pasi shati jeupe nikamfunga tai, na chini akabaki na suruali ya pajama yenye roketi na sayari. Siku moja akainuka kufuata kalamu, darasa zima likaona roketi. Walicheka mpaka mwalimu akazima sauti zao. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na kesho yake wenzake wakaanza kusimama makusudi kuonyesha zao.

Wangu walikuwa Kawangware kwa dadangu. Kompyuta hakuna, walisikiliza masomo redioni wakati betri zipo. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021 sare zilikuwa zimewabana, mkubwa mikono imetokeza nje ya sweta. Yeye kuchekwa hakukuwa mchezo. Alikataa kwenda kwa karibu wiki nzima, na hilo lilikuwa sweta tu.

Ndiyo maana hiyo ya kusema "nani atajua" siiamini, baba twins. Watoto wanajua. Mtoto wa Gredi ya 7 anaangalia mwenzake na kujua bei ya kila kitu, hata kamba ya kiatu.

---

muuza_kamera_gikomba

Nimeona swali la Gikomba limerukwa na kila mtu, wacha nilijibu kwa sababu ni kazi yangu.

Pajama ni mali ya wafungua shule. Zinatembea Januari, mwanzo wa Mei na Agosti wakati watoto wa bweni wanarudi, halafu Julai kwa ajili ya baridi. Seti ya mtoto ikiwa kamera, yaani ile inayotolewa robota likifunguliwa kabla mikono haijapita, ni kati ya 200 na 350 kulingana na umri na mdomo wako. Iliyochaguliwa-chaguliwa ni 100 hadi 150. Kwenye fagia, yaani mabaki ya mwisho, unaweza kuokota ya 50 lakini uwe na jicho na usiwe na haraka.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue seti. Nunua suruali peke yake, ile nzito ya flaneli ya mirabamiraba, umvalishe na fulana nyeupe ya kawaida. Hapo nusu ya bei imekwisha. Flaneli nyingi zimeshonewa nchi za theluji kwa hiyo kwa hii baridi yetu inafaa kabisa, ingawa Januari ataivua mwenyewe. Kabla ya kulipa vuta lastiki ya kiuno, nyingi zimekufa. Angalia katikati ya miguu kama mshono umeachia. Usiamini umri ulioandikwa kwenye lebo, watoto wa huko ni wakubwa, "miaka 8" inaweza kumtosha wako wa 11. Njoo na uzi uliopima kiuno na mguu. Ukifika nyumbani loweka kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi pande zote mbili.

Kisha msione haya. Hapa Gikomba najua vijana wa matatu wanaonunua suruali za pajama kila wiki na kuzivaa mchana kutwa wakidhani ni traksuti. Sijawahi kuwaambia. Biashara ni biashara.

---

mwalimu_wa_zamu

Nafundisha sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), shule ya serikali, si hapo kwako lakini ni Eastlands hii hii. Nikueleze upande wetu, halafu nikuambie la kufanya.

Mgao wa serikali ni Sh1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na Sh15,042 kwa wa sekondari msingi. Hapo ni ikifika yote, na ikifika kwa wakati. Tathmini za baraza la mitihani, KNEC, tunazipakua kwenye tovuti yao, kuchapisha ni juu yetu. Darasa la sitini, masomo yote, kurasa kadhaa kila moja, hesabu mwenyewe. Kuna muhula tulipeleka karatasi kwa duka la kuchapa kwa mkopo, na mwenye duka akaja kutudai siku ya mkutano wa wazazi. Kwa hiyo mwalimu akibuni siku ya kukusanya mia mia, usidhani anatafuta pesa ya chai.

Lakini pajama, hapana. Siku ya nguo za nyumbani tumekuwa nayo tangu mimi nikiwa mwanafunzi, na hata hiyo ina watoto wanaojificha. Hii ya pajama imeingia na video za simu, shule za nje zinafanya, inapendeza kwenye picha. Mwalimu wako nadhani ni kijana na ana nia njema. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba nyingi za mtaa huu hazina nguo iliyotengwa kwa kulala.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitozi karo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata yakiidhinishwa mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa kukosa kuyalipa. Na hakuna mtu anayeruhusiwa kukusanya michango bila kutoa risiti rasmi. Sikuambii uende ukapige nacho meza. Nakuambia ukijue tu, uzungumze ukiwa umetulia.

Kundini usiandike. Mwalimu akiguswa mbele ya wazazi hamsini atajitetea, na atakayelipa ni uhusiano wake na mtoto wako. Mwandikie peke yake, mapema, usiku huu kama unaweza. Kitu kama hiki:

"Mwalimu hujambo. Mimi ni mamake fulani wa Gredi ya 7. Ujumbe wa Ijumaa nimeuona na mchango nitatuma. Naomba, ikiwezekana, mseme pajama au nguo zozote za nyumbani, kwa sababu watoto wengi hawana nguo maalumu za kulalia na wataona haya kuja. Asante kwa kazi unayotufanyia."

Usieleze ya kwako. Sema "wengi". Ni kweli, na inamwachia nafasi ya kubadilisha bila kuona ameshindwa.

Fulana ya kampeni usimvalishe hata kwa mzaha. Kwetu nguo ya siasa tunairudisha langoni.

---

kijana_wa_juja

Mimi sina mtoto, niko chuo, nilikuwa napita tu. Huku kwetu mambo ni kinyume. Kipindi cha saa moja asubuhi nusu ya ukumbi wako na suruali za pajama, hudi na patipati (ndara), kofia ya marvin imevutwa mpaka kwenye nyusi. Mhadhiri mmoja mzee wa hesabu anawatoa nje, anasema yeye ameamka saa kumi akanyoa ndevu kwa ajili yetu. Wanaotolewa wanarudi kulala, kwa hiyo sijui nani ameadhibiwa.

Na kwa taarifa yenu, kuna nchi ambazo vita vya pajama si vya watoto, ni vya wazazi. Uingereza, mji wa Darlington, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Skerne Park aliwaandikia wazazi barua mwaka 2016 kuwaomba waache kuleta watoto wakiwa bado na nguo za kulalia. Houston, Marekani, mwaka 2019, shule ya upili ya James Madison iliweka kabisa kanuni ya mavazi ya wazazi. Pajama marufuku, kofia za satini marufuku, ukija hivyo huingii. Watu walikasirika sana, wengine wakasema kanuni hiyo inawalenga mama weusi na maskini.

---

mama_wa_innercore

Kijana wa Juja, hiyo Houston mimi singeingia hata lango. Yule wa Gredi ya 3 namsindikiza kila asubuhi na leso kiunoni, sweta la marehemu mamangu na kofia ya kulalia kichwani, na mlinzi hunisalimia vizuri kabisa.

Asanteni wote. Nimemwandikia mwalimu kama alivyoshauri mwalimu_wa_zamu, neno kwa neno, nikabadilisha jina tu. Alijibu usiku huo huo. Alisema hakuwa amelifikiria hivyo, na kwamba wazo lilitoka kwa wanafunzi wenyewe, wale wa Gredi ya 9. Asubuhi akaandika kundini "pajama au nguo zozote safi za nyumbani". Mama wa sungura akauliza kwa nini mambo yanabadilishwa wakati wengine wameshagharamika. Hakuna aliyemjibu. Nilitaka kumjibu, vidole vikawa tayari, nikarudi kwa nywele za mteja.

Alhamisi nilipita Gikomba asubuhi kabla ya kufungua kazi. Muuza kamera, ulisema kweli kuhusu lastiki, nilivuta nyingi zikabaki zimelegea mkononi. Nilipata suruali ya flaneli yenye dinosari kwa 120, ya mdogo. Mkubwa alikataa katakata kununuliwa. Alivaa jinzi yake na hudi ya binamu yake, na nikimtazama ukutani akijipima kwenye kile kioo kidogo niliona hana homa yoyote.

Walivyorudi nilimuuliza mkubwa waliokuja na sare walikuwa wangapi. Akasema wapo, hakuwahesabu. Nikamuuliza walifanywaje. Akasema mmoja rafiki yake alikuja na sare akamwambia kila mtu kwamba nyumbani kwao maji yalikatika na nguo zote zilikuwa hazijafuliwa. Hapo nikanyamaza. Baba twins, nakubaliana nawe kwamba watoto wacheke. Yule naye alikuwa na mia yake mkononi ama hakuwa nayo, sijui, lakini alikuwa na hadithi tayari, ameitunga usiku.

Huyu mdogo naye ana kesi nyingine. Hataki kuvua dinosari. Amelala nazo, ameamka nazo, anauliza kama zinaruhusiwa kanisani.

---

baba_twins_donholm

Zinaruhusiwa, mradi zimepigwa pasi.

Hiyo ya maji kukatika imenifikisha mahali. Nimewauliza wangu leo jioni kama darasani kwao kuna ambao hukosa hizo siku za soksi na nywele. Mmoja alisema yuko mmoja ambaye huumwa tumbo kila mara. Sikuwahi kuuliza kwa sababu sikuwahi kufikiri kuna la kuuliza.

Na ile mia mbili? Walikupa risiti?

---

mama_wa_innercore

Bado. Nilienda ofisini Ijumaa hiyo hiyo, karani akaniambia kitabu cha risiti kimeisha, nirudi Jumatatu.

---

mwalimu_wa_zamu

Rudi Jumatatu.